Kutoka Mtwara na Lindi hadi Muhimbili: mwongozo kamili wa mgonjwa wa rufaa na ndugu zake

Huku kwetu Kusini, daktari akishasema "tunakuandikia rufaa ya Muhimbili", yaani hospitali ya taifa iliyopo Upanga, Dar es Salaam, nyumba nzima haikaliki. Simu zinapigwa Mbagala na Temeke kuuliza nani ana nafasi ya kulala, mzee anatafuta wa kumwachia mikorosho, na mgonjwa mwenyewe mara nyingi yuko kimya akisikiliza mambo yake yakipangwa na wengine. Pupa ya siku hizo ndiyo inayozaa usumbufu mwingi kule Upanga: karatasi iliyosahaulika hospitali ya Ligula, picha za eksirei zilizobaki hospitali ya Nyangao, bima ambayo haifiki huko. Safari ya Muhimbili hutengenezeka au huharibikia hapa hapa, kabla basi halijatoka stendi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kumaliza nyumbani.

Kwanza, dharura haingoji mwongozo. Anayetokwa damu nyingi, anayeshindwa kupumua, mjamzito mwenye degedege au aliyepata ajali apelekwe kituo cha afya au hospitali iliyo karibu zaidi, saa hiyo hiyo. Wao ndio watakaomtuliza na kuamua kama anahamishwa, kwa gari la wagonjwa na akiwa na mhudumu. Kwa mjamzito, aliyetoka kujifungua na kichanga kuna mfumo wa usafiri wa m-mama: piga 115, simu haina malipo. Kukodi teksi kumkimbiza mgonjwa mahututi kilomita zaidi ya 500 bila mtu wa kumtazama njiani ni hatari kubwa, hata kama dereva ni hodari.

Hatua ya kwanza: hakikisha safari yenyewe inahitajika

Huduma za serikali zimepangwa kwa ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya halmashauri, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali ya kanda, kisha ya taifa. Kwetu hospitali za rufaa za mkoa ni Ligula pale Mtwara na Sokoine pale Lindi. Juu yake ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, iliyopo Mitengo, Mtwara Mikindani. Zaidi ya hapo tuna hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao, ambazo wazazi wetu walizitegemea tangu zamani na hadi leo watu wanatoka mbali kuzifuata.

Wengi bado wanawaza kama enzi zile ambazo ugonjwa wowote mgumu maana yake ni Dar es Salaam. Mitengo imebadilisha hesabu hiyo. Basi kabla ya kukubali safari, muulize daktari wako kwa adabu, lakini uulize: "Daktari, huduma hii haipatikani Mitengo?" Na ukiambiwa haipatikani, uliza la pili: "Hakuna madaktari bingwa watakaokuja huku karibuni?" Siku hizi kuna kambi za madaktari bingwa zinazofika hadi hospitali za halmashauri, na kuna tiba mkoba, ambapo mabingwa wa taasisi kubwa husafiri mikoani kupima na kutibu. Hospitali ya mkoa hupata taarifa za ujio huo mapema. Kama ugonjwa unaweza kusubiri wiki tatu, mtoto, kwa mfano, anaweza kupimwa moyo hapa hapa na familia ikabakiwa na pesa ya chakula.

Ukiambiwa kusubiri ni hatari, usisubiri. Swali hili halipo ili mtu apate kisingizio cha kuahirisha.

Hatua ya pili: jua unakwenda taasisi ipi

Tunasema "Muhimbili" kana kwamba ni jengo moja. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina mizizi mirefu: hospitali ya Sewa Haji, iliyojengwa mwaka 1897 kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji Paroo, kisha hospitali mpya ya Upanga ya mwaka 1956, iliyoitwa Princess Margaret hadi baada ya uhuru. Jina la Sewahaji bado limo kwenye jengo mojawapo la wodi; majengo mengine ya wodi ni Kibasila na Mwaisela. Yashike majina hayo, maana ndugu atakayekuja kumwona mgonjwa ataulizwa "wodi gani?", na jibu la "ile ghorofa" halitamfikisha.

Ndani ya eneo hilo la Upanga kuna taasisi nyingine mbili zinazojitegemea, zenye mapokezi yao na malipo yao. MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, inashughulikia mifupa, ajali, ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, JKCI, ni ya moyo. Rufaa iliyoandikwa kwenda MOI ipelekwe MOI. Saratani inayohitaji mionzi huenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, karibu na bahari, nje kabisa ya eneo la Muhimbili. Halafu kuna Mloganzila. Hiyo ilijengwa iwe hospitali ya kufundishia ya chuo kikuu cha Muhimbili, na mwaka 2018 ikawekwa chini ya Hospitali ya Taifa, lakini ipo mbali, upande wa Barabara ya Morogoro ukielekea Kibaha. Mtu anayetokea Kusini huingia jijini kwa Barabara ya Kilwa. Akikosea kati ya Upanga na Mloganzila, asubuhi yake imeishia kwenye foleni, na siku ya kliniki imepita.

Kwa hiyo soma barua ya rufaa kabla hujaondoka dirishani. Imeandikwa Muhimbili Upanga au Mloganzila? MOI au JKCI? Kliniki ya siku gani? Kama mwandiko hausomeki, omba usomewe.

Hatua ya tatu: karatasi

Barua ya rufaa inatakiwa iwe na jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA au kadi ya bima, umri, ugonjwa unaodhaniwa, vipimo vilivyofanyika na majibu yake, dawa ulizotumia, sababu ya kukuhamisha, saini ya daktari na mhuri. Jina likiwa tofauti, kwa mfano barua imeandika jina la utani la nyumbani na bima ina jina la shule, rekebisha hapo hapo. Mtu wa kukurekebishia yuko mlango wa pili. Ukifika Dar yuko Mtwara.

Kisha kusanya picha zenyewe za eksirei, ultrasaundi au siti skani, pamoja na maelezo yake. Kama ziko kwenye diski, beba diski. Majibu ya damu, majibu ya kinyama (kipande kidogo cha mwili kinachokatwa ili kipimwe) kama uliwahi kukatwa, kadi ya kliniki ya mtoto au ya ujauzito, na dawa zote unazotumia zikiwa kwenye pakiti zake. Piga picha kila karatasi kwa simu, na umtumie mtu mmoja unayemwamini. Weka vyote kwenye bahasha ya plastiki, kwa sababu mvua za Rufiji hazichagui.

Karatasi ya mwisho utaiandika mwenyewe, na kwa maoni yangu inashinda nyingine zote kwa kukusaidia. Chukua daftari la shule, andika historia ya ugonjwa kwa miezi. Hivi:

"Januari: kivimbe kidogo shingoni upande wa kulia, kama punje ya karanga, hakiumi. Mei: kimekua, zahanati walitoa vidonge vya siku saba, hakikupungua. Julai: alikunywa dawa ya mizizi kwa wiki mbili, akaharisha, akaacha. Agosti: sauti inakwaruza, ugali haupiti vizuri, uji unapita. Oktoba: hospitali ya Mkomaindo, Masasi, damu na ultrasaundi, wakaandika rufaa."

Mistari mitano tu, lakini ina mambo ambayo daktari angetumia nusu saa kuyachimbua kwa mgonjwa aliyechoka na safari. Tazama mstari wa Julai. Watu huuficha wakiogopa kugombezwa. Usiufiche. Baadhi ya dawa za mitishamba huelemea ini au figo, nyingine huongeza kutokwa damu, na mtoa dawa ya usingizi anapaswa kujua kabla hujalazwa mezani. Andika pia magonjwa ya ukoo, mzio wa dawa, upasuaji wa zamani, na kwa mwanamke, idadi ya mimba na siku za mwisho za hedhi.

Hatua ya nne: fedha, bima na msamaha

Mwenye kadi ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, aende na kadi, kitambulisho na rufaa. Kufika hospitali ya taifa bila rufaa ni kujitafutia kurudishwa au kujilipia. Mwenye CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ajue mapema kwamba mafao yake yanaishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Wengi hugundua hilo wakiwa dirishani Upanga, na ni uchungu. Kama umeamua kukata bima, wakati mzuri ni malipo ya korosho yanapoingia, kabla mtu hajaumwa.

Asiye na uwezo ana njia. Sera ya afya inawapa msamaha watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza, na maskini waliothibitishwa. Uthibitisho huo unaanzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa: barua yenye mhuri, kisha afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au wa hospitali inayokupa rufaa. Ukifika Muhimbili, uliza ofisi ya ustawi wa jamii siku ya kwanza, kabla deni halijapanda. Afisa ustawi anayemkuta mgonjwa mapema ana mengi ya kumsaidia kuliko yule anayeletewa ankara siku ya kuruhusiwa.

Malipo yote hufanywa kwa kontro namba, kupitia benki au simu, na unapata risiti. Usimpe mtu yeyote pesa mkononi akikuahidi kukupitisha mbele, hata akiwa amevaa koti jeupe. Namba ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, ni 113, bila malipo.

Weka bajeti ya mambo yasiyoandikwa kwenye ankara: nauli ya mgonjwa na msindikizaji kwenda na kurudi, chakula cha msindikizaji, nauli ya kila siku kutoka anakolala, vocha, na dawa au vifaa ambavyo vinaweza kukosekana ndani. Hapo ndipo familia nyingi hukwama.

Hatua ya tano: nani anaamua

Katika koo zetu nyingi, Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, mjomba ana neno zito. Ni heshima nzuri na sina nia ya kuibeza. Lakini nimeona upasuaji ukisogezwa kwa sababu mjomba yuko shambani Newala, simu haipatikani, na mgonjwa anasema "mpaka mjomba aseme".

Fanyeni kikao kabla ya safari. Mwelezeni mjomba yote, mpeni nafasi aulize, kisha aseme mbele ya wote: fulani atakayekwenda na mgonjwa anazungumza kwa niaba yangu. Baraka ikishatolewa hivyo, hakuna atakayelaumiwa. Na ifahamike wazi kwamba mtu mzima mwenye akili timamu husaini ridhaa yake mwenyewe. Mke hahitaji saini ya mume ili atibiwe, wala mama mzee hahitaji ya mwanawe. Kwa mtoto anasaini mzazi au mlezi, kwa hiyo msindikizaji wa mtoto awe ni yule mwenye mamlaka hayo, asitumwe tu dada wa kazi.

Msindikizaji bora ni mtu mvumilivu, anayesoma na kuandika, mwenye afya. Ukaribu wa undugu pekee hautoshi.

Hatua ya sita: njia

Kutoka Mtwara ni takriban kilomita 560, Lindi takriban 450. Ondoka ili ufike angalau siku moja kabla ya kliniki. Msimu wa mvua ongeza siku nyingine: Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Lindi ilikatika na magari yakalala njiani. Mgonjwa akae siti ya mbele au ya njiani, asinyimwe maji kwa hofu ya kuomba basi lisimame, na mwenye mguu uliovimba au aliyefanyiwa upasuaji karibuni anyooshe miguu kila basi linaposimama. Dawa zake zisiwekwe kwenye buti.

Hatua ya saba: siku ya kliniki

Kutoka Mbagala toka alfajiri. Ukifika, mapokezi watakufungulia jalada na kukupa namba ya usajili. Iandike kwenye jalada la daftari lako na kwenye simu ya msindikizaji, maana kila dirisha litaiuliza. Baada ya hapo ni kupima presha na uzito, kisha daktari, na mara nyingi vipimo vinarudiwa. Usikasirike ukiambiwa damu ipimwe tena. Majibu ya wiki tatu zilizopita yanaelezea mwili wa wiki tatu zilizopita.

Aliyezidiwa njiani asipange foleni ya kliniki. Muhimbili ina idara ya magonjwa ya dharura tangu mwaka 2010, ya kwanza ya aina yake nchini. Mpeleke huko moja kwa moja na barua yake ya rufaa.

Hatua ya nane: kitanda kinapozungukwa na watu

Hili ndilo linalowashangaza zaidi wagonjwa wetu. Umelazwa, asubuhi wanakuja watu kumi wenye makoti meupe, wanazungumza juu yako kwa Kiingereza, mmoja anakubonyeza tumbo, mwingine anauliza maswali uliyoulizwa jana. Bibi mmoja wa Nachingwea alinong'ona kwamba huenda wamegundua jambo baya wanamficha. Kumbe ilikuwa raundi ya kawaida.

Muhimbili ni hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, kilichoanza mwaka 1963 kama shule ya udaktari na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Kwa hiyo waliokuzunguka wana ngazi zao. Wapo wanafunzi wa udaktari, ambao shahada yao ni ya miaka mitano. Wapo madaktari watarajali, waliohitimu na wanaotumikia mwaka wa mazoezi chini ya usimamizi. Wapo madaktari kamili wanaosomea ubingwa. Hawa ndio utakaowaona mchana na usiku, na ndio wanaolijua jalada lako vizuri. Juu yao yupo daktari bingwa au bingwa bobezi, mara nyingi mhadhiri wa chuo, ambaye ndiye mwenye uamuzi wa mwisho.

Mwanafunzi anayekuuliza upya anajifunza kuchukua historia, na ataieleza mbele ya bingwa. Mpe jibu lile lile kamili, hata kama umelirudia. Mwanafunzi ana muda ambao bingwa hana, na jambo dogo ulilolisahau kwa bingwa linaweza kutoka ukizungumza naye taratibu. Kwa wagonjwa wa selimundu (ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu), kwa mfano, elimu kubwa tuliyonayo leo nchini imetokana na kliniki na utafiti uliofuatilia wagonjwa Muhimbili tangu mwaka 2004. Ni wagonjwa waliokubali kuulizwa na kupimwa tena na tena.

Hata hivyo mwili ni wako. Una haki ya kuuliza "Wewe ni nani, na unataka kufanya nini?" Una haki ya kuomba pazia livutwe, ya kuomba awepo muuguzi wa kike, na ya kukataa kuchunguzwa na wanafunzi, bila kukosa matibabu. Wanawake wetu wengi huvumilia kwa aibu halafu hawarudi tena kliniki. Ni afadhali kusema. Raundi ikiisha, msindikizaji amfuate daktari mmoja na kuuliza kwa Kiswahili: wameona nini, wanataka kufanya nini, lini, na kitagharimu kiasi gani. Ayaandike majibu kwenye daftari lile lile.

Huenda pia ukaombwa kushiriki utafiti. Utapewa fomu ya ridhaa tofauti na ile ya matibabu, na lazima uelezwe kwa lugha unayoielewa unachofanyiwa na madhara yake. Ni hiari. Ukikataa, au ukikubali kisha ukajitoa katikati, matibabu yako yanaendelea vile vile. Usisaini usichoelewa.

Hatua ya tisa: kama ni upasuaji

Ridhaa isomwe kabla ya kusainiwa. Uliza kinachokatwa, kitakachotokea usipokatwa, na aina ya usingizi. Ukiambiwa usile wala kunywa kuanzia saa fulani, hata uji mwepesi wa "kutia nguvu" usipitishwe kwa siri na ndugu, kwa sababu chakula tumboni kinaweza kurudi na kuingia mapafuni mgonjwa akiwa usingizini.

Damu itahitajika, na hapo jamaa wa Mbagala wana kazi. Anayechangia awe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, mwenye afya. Kundi lake si lazima lifanane na la mgonjwa, maana damu yake inaingia benki na mgonjwa anapewa inayomfaa. Waliozoea kusema "mimi kundi langu ni tofauti" hawana tena sababu.

Hatua ya kumi: kurudi nyumbani

Usitoke wodini bila muhtasari wa matibabu wenye saini na mhuri: ugonjwa ulikuwa nini, umefanyiwa nini, unatumia dawa gani kwa muda gani, urudi lini. Uliza swali litakalokuokolea nauli: "Kliniki za marudio naweza kuzihudhuria Mitengo, Ligula au Sokoine?" Ikiwezekana, liandikwe hivyo kwenye karatasi, ili upokelewe huko bila maswali.

Kama umekatwa kinyama, majibu yanaweza kuchukua wiki kadhaa. Acha namba mbili za simu, moja iwe ya mtu anayekaa penye mtandao, na ujue jina la kliniki itakayoyatoa. Majibu ya kinyama yasiyofuatwa ni ugonjwa unaoendelea kimyakimya, kwa hiyo akabidhiwe mtu mmoja wa Dar jukumu la kuyafuata.

Ukifika nyumbani, ndani ya wiki ya kwanza peleka nakala ya muhtasari kwa daktari aliyekuandikia rufaa. Kabla hujapanda basi la kurudi, mwonyeshe mfamasia orodha ya dawa zako na umuulize zipi ni adimu mikoani. Hizo zinunue Dar za kutosha hadi tarehe ya kliniki, pamoja na za siku chache za ziada, na kama ipo inayohitaji ubaridi, uliza utaibeba vipi kwa saa zote za njiani na utaihifadhi wapi kijijini kusiko na umeme.